Kufufua oskiloskopu ya zamani: anza na umeme wake, si na kioo chake

Mafundi wengi wanaopata oskiloskopu ya zamani (kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kama mstari kwenye kioo), iwe kwa kuinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu vya chuo au kwa kuachiwa na mzee anayefunga karakana yake, hufanya kosa lilelile: wanaichomeka kwenye umeme papo hapo ili kuona kama inawaka. Ikiwaka, wanashukuru, isipowaka, au ikitoa moshi, inasukumwa chini ya meza na kukaa huko miaka mingine kumi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaichomeka, au aliyeichomeka ikamnyima mstari na sasa anataka kuanza upya kwa utaratibu.

Mfano nitakaoutumia ni Tektronix 465, oskiloskopu ya chaneli mbili yenye uwezo wa megahezi 100, iliyoingia sokoni mwaka 1972 ikitoka Beaverton katika jimbo la Oregon, Marekani. Ninaichagua kwa sababu ndiyo niliyoifungua mara nyingi zaidi, na kwa sababu ni kifaa cha enzi ambayo mtengenezaji mwenyewe alitarajia kwamba fundi ataifungua: mwongozo wake wa matengenezo unaonyesha mchoro kamili wa sakiti, volti za kila kituo cha kupimia, na hata sura ya mawimbi yanayopaswa kuonekana hapo. Mwenye jenereta ya mawimbi, kihesabu masafa au mita ya volti ya miaka hiyo atakuta kwamba sehemu kubwa ya yanayosemwa hapa inamhusu pia, maana magonjwa ya uzee hayabagui.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba hakuna kipande kinachobadilishwa kabla hakijapimwa, na hakuna kinachopimwa kabla ya kuthibitisha kwamba umeme wa ndani wa mashine uko sawa. Wapo wanaoshauri kung'oa kapasita zote, yaani vipande vinavyohifadhi chaji, siku ya kwanza na kuweka mpya. Sikubaliani nao. Bodi ya miaka hamsini ina njia za shaba zinazobanduka kwa joto la pasi, na fundi akilehemu sehemu themanini kwa siku moja, uwezekano wa kuweka moja kinyume au kuunganisha njia mbili kwa tone la risasi ni mkubwa kuliko uwezekano wa kapasita hizo themanini kuwa mbovu zote. Baya zaidi, mashine isipofanya kazi baada ya hapo, hutajua kama unatafuta ubovu wa zamani au ule ulioutengeneza mwenyewe jana usiku.

Kabla ya kugusa bisibisi

Pakua mwongozo wa matengenezo, si mwongozo wa mtumiaji. Nakala zilizoskaniwa za vifaa vya Tektronix zinapatikana bure kwenye TekWiki na sehemu nyingine za wapenzi wa vifaa hivi. Tazama kwanza namba ya mfululizo ya mashine yako, kwa kuwa sakiti zilibadilishwa mara kadhaa katika miaka ya uzalishaji na mchoro usiolingana na namba hiyo utakupoteza njia. Chapisha kurasa za umeme wa ndani kwenye karatasi, uziweke mezani, na uandike juu yake kila utakachopima.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: mita ya kidijitali iliyo nzima, pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, pampu ya kunyonya risasi, brashi laini ya rangi, spiriti ya isopropili, na ikiwezekana chanzo cha umeme wa mezani kinachoweza kuwekewa kikomo cha amperi. Ufunguo wa pembe sita wa kufungulia vitufe vya kuzungusha uwe wa inchi, yaani 1/16. Ule wa milimita 1.5 unaingia vizuri kiasi cha kukudanganya, kisha unateleza na kuumega mdomo wa skrubu, na baada ya hapo kitufe hakitoki bila kuvunjwa.

Mwenye mita ya mshale kama AVO Model 8 anayo faida ndogo isiyojulikana na wengi. Mita hiyo ina ohmu 20,000 kwa kila volti, na miongozo mingi ya vifaa vya kale iliandikwa kwa vipimo vilivyochukuliwa na mita za aina hiyo. Mahali penye rezista kubwa, mita ya kidijitali yenye megaohmu 10 husoma juu kidogo ya mwongozo, na fundi asiyejua hilo hutafuta ubovu usiokuwepo. Soma ukurasa wa mbele wa jedwali la volti uone ni mita gani iliyotumika.

Sasa usalama, ambao sitaurudia. Ndani ya 465 kuna laini (njia ya umeme wa ndani) ya +110 V inayotosha kuua, katodi ya tyubu ya kioo iko karibu na volti 2,450 hasi, na nguvu yote inayovuta mwale hadi kwenye kioo hukaribia kilovolti 18. Mita ya kawaida ina kikomo cha volti 1,000. Usithubutu kuipeleka kwenye sehemu ya volti kubwa bila probu (waya wa kupimia wenye ncha) maalumu ya kazi hiyo. Kapasita kubwa hushika chaji hata baada ya plagi kutolewa, nazo hutolewa chaji kwa rezista ya kiloohmu 1 ya wati 5 iliyoshikwa kwa koleo lenye mpira, si kwa kugusisha bisibisi. Mashine ikiwa wazi na inawaka, mkono mmoja ukae mfukoni.

Angalia pia waya wa plagi. Oskiloskopu nyingi zilizopita mikononi mwa mafundi wa TV zimekatwa pini ya ethi, kwa sababu kibano cha probu kimeunganishwa na ethi na hutoa shoti kikigusishwa upande wa umeme mkubwa wa TV. Kukata pini si dawa. Mashine iliyokatwa hufanya ganda lake zima la chuma libebe volti ya kile unachokipima, na mkono wako ndio unaokuwa njia ya kwenda ardhini. Rudisha ethi, na unapotaka kupima kifaa kilichounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, kipe kifaa hicho transfoma ya kutenganisha, si oskiloskopu.

Jambo la mwisho kabla ya kufungua ni swichi ya kuchagua umeme. Mashine iliyotoka Marekani karibu hakika imewekwa kwenye 115 V. Nchini Tanzania umeme wa ukutani ni 230 V, na kichagua hicho kikisahaulika, transfoma na kila kilicho nyuma yake hupata mara mbili ya stahili yake. Ukikigeuza, badilisha na fyuzi: kwenye 230 V mashine huvuta nusu ya amperi, kwa hiyo fyuzi nayo iwe ya nusu, kwa namba iliyoandikwa kwenye mwongozo. Fyuzi ya zamani ikibaki, haitakulinda.

Kufungua na kusafisha

Weka kifuniko cha mbele, simamisha mashine ikitazama chini, fungua skrubu za nyuma pamoja na za ile miguu inayozungushiwa waya, kisha vuta ganda la bluu kwenda juu kwa mikono miwili. Piga picha za kila upande kabla ya kugusa lolote. Picha ya simu iliyopigwa dakika ya kwanza imeniokoa mara nyingi kuliko kumbukumbu yangu.

Kwetu Dar es Salaam adui wa kwanza ni unyevu wenye chumvi, na wa pili ni wadudu. Nimewahi kukuta kiota cha nyigu, udongo mkavu wa kujaza ngumi, kimejengwa juu ya kidhibiti cha volti, na mayai ya mende nyuma ya swichi. Mkojo wa panya ni mbaya kuliko vyote kwa sababu unakula shaba. Ukiona njia za bodi zimegeuka kijani, safisha hapo kwa spiriti na mswaki wa zamani hadi rangi irudi, kisha pima kama njia bado inapitisha umeme kutoka mwanzo hadi mwisho. Vumbi la kawaida linatoka kwa brashi na pumzi ya kipuliza. Feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza, isizunguke ovyo, na ikiwa nzito ipewe matone mawili ya mafuta ya cherehani.

Ukisafisha kwa maji, na inawezekana kwa bodi za mbali na transfoma na tyubu, tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, na uache mashine ikauke kivulini penye upepo kwa siku mbili kamili. Jua kali la moja kwa moja linapinda plastiki na kufifisha maandishi ya mbele.

Wakati wa kusafisha ndio wakati wa kutazama. Tafuta rezista zilizobadilika rangi, kapasita za alumini zilizovimba au kuacha doa la kahawia chini yake, na vipande vidogo vilivyopasuka. Katika vifaa vya miaka hiyo, hasa vya Ulaya, tazama mahali umeme unapoingia: kapasita za karatasi zilizofunikwa kwa plastiki ya manjano inayopenyeza mwanga hupasuka ufa kama wa kioo, hunyonya unyevu, na siku ya kuwashwa hujaza chumba moshi wenye harufu isiyosahaulika. Hizo ndizo kapasita pekee ninazokubali zing'olewe bila kupimwa.

Kipimo cha baridi

Mashine ikiwa bado haijachomekwa, weka mita kwenye ohmu na upime kila laini ya umeme dhidi ya chasisi. Kwenye 465 laini kuu ni +110 V, +55 V, +15 V, +5 V na −8 V. Andika namba, geuza waya za mita, andika tena. Laini nzima huanza chini na kupanda polepole kadiri kapasita zinavyojaa chaji ya mita. Ile ya +5 V huwa ya chini kuliko nyingine na isikutishe. Inayotisha ni laini inayokaa kwenye ohmu 0 hadi 3 pande zote mbili bila kusogea. Hiyo ni shoti, na katika mashine za rika hili mshukiwa wa kwanza ni kapasita ya tantalamu, kile kipande kidogo chenye umbo la tone la maji kilichopandwa kando ya kila bodi ili kutuliza umeme wake.

Tatizo ni kwamba laini moja hulisha tantalamu nyingi zilizounganishwa sambamba, na mita inasema zote ni mbovu. Wengi hapa huanza kuzing'oa moja moja. Ipo njia bora. Chukua chanzo cha umeme wa mezani, kiweke volti 1 na kikomo cha amperi 1, ukiunganishe kwenye laini yenye shoti kwa mwelekeo wake sahihi, chanya kwa chanya. Volti hiyo ni ndogo mno kuharibu transista, lakini amperi inatiririka yote kuelekea kwenye shoti. Sasa weka mita kwenye milivolti, waya mweusi ukiwa umebana mwanzo wa laini pale umeme unapoingia, na waya mwekundu ukitembea juu ya njia ya shaba kutoka kapasita hadi kapasita. Kadiri unavyoikaribia shoti, namba inakua: 3, 7, 12, 16. Ukiipita shoti namba inasimama, kwa sababu mbele yake hakuna amperi inayopita. Mahali inaposimama ndipo penye kipande chako. Ikiwa mchoro wa njia unachanganya, pakaza spiriti ya isopropili juu ya eneo lote na uangalie ni wapi panakauka kwanza. Kipande kilichoshika shoti hupata joto na kujikausha mapema kuliko jirani zake.

Katika kuweka mpya kuna mtego nilioingia mwenyewe. Kwenye kapasita ya alumini, mstari uliochorwa ubavuni unaonyesha mguu hasi. Kwenye tantalamu, mstari au alama ya kujumlisha inaonyesha mguu chanya. Nilikuwa nimebadilisha za alumini mchana kutwa, jioni nikaweka tantalamu moja kwa mazoea yaleyale, nikawasha, na baada ya kama sekunde tano ikalipuka kwa mlio wa fataki na kuacha shimo jeusi kwenye bodi lenye upana wa punje ya mahindi. Uso wangu ulikuwa mbali. Miwani ya kinga imekaa mezani tangu siku hiyo. Tantalamu mpya iwe na volti zisizopungua mara mbili ya laini, yaani kwa +15 V weka ya 35 V. Kapasita ndogo ya alumini ya uwezo uleule au zaidi kidogo nayo inafaa katika sehemu nyingi za kutuliza umeme.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Usiichomeke moja kwa moja ukutani. Tengeneza ubao wa balbu ya mfululizo: soketi ya balbu iliyounganishwa kwenye waya wa laivu, ili umeme wote wa mashine upite kwanza kwenye balbu. Balbu iwe ya nyuzi, ya zamani, wati 100. Ya LED haifai kwa kazi hii. Washa. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, transfoma imejaza kapasita zake na hakuna shoti kubwa. Ikibaki inang'aa kama ya sebuleni, zima mara moja na urudi kwenye mita ya ohmu.

Balbu inakuonyesha shoti tu. Ikiwa kwenye mfululizo inakula sehemu ya volti, laini za ndani hazitafika kiwango chake, na kuzipima katika hali hiyo ni kujidanganya. Aidha, njia hii ni ya mashine zenye transfoma ya kawaida kama 465. Vifaa vya baadaye vyenye umeme wa kukatakata, kama 2465, vinaweza kugoma au kuhangaika vikipewa volti pungufu, na kwa hivyo vinahitaji utaratibu mwingine.

Balbu ikikuridhisha, iondoe, washa moja kwa moja, punguza mwanga wa mwale hadi chini, na usahau kabisa kioo kwa nusu saa ijayo. Kazi sasa ni laini tano. Pima kila moja kwenye kituo chake, linganisha na mipaka ya mwongozo, andika. Katika umeme wa muundo huu laini moja huwa rejea ya nyingine, na mchoro utakuonyesha ni ipi; ikiwa imekosea, zote hukosea kwa uwiano, kwa hiyo anza nayo. Lakini laini iliyo ndani ya mipaka isiguswe hata kama haijasimama kwenye namba kamili. Kila urekebishaji mwingine wa mashine ulifanywa juu ya volti hizo, na ukizungusha skrubu hiyo robo mzunguko kwa ajili ya kupenda namba nzuri, umehamisha vipimo vyote vya mbele.

Kisha pima ripo, yaani ule mchezo wa umeme uliobaki juu ya volti tuli. Huna oskiloskopu nyingine, lakini mita kwenye volti za AC, skeli ndogo kabisa, inatosha. Laini iliyo nzima baada ya kidhibiti itaonyesha milivolti chache. Kabla ya kidhibiti, kwenye kapasita kubwa za kuchujia, hali ni tofauti, na hapa ndipo wengi hutupa kapasita nzima. Kwa umeme wa hezi 50 unaogeuzwa pande zote, kapasita hujazwa mara 100 kwa sekunde. Laini inayovuta amperi 1 kutoka kwenye kapasita ya mikrofaradi 5,000 itakuwa na mchezo wa takriban volti 2 kutoka kilele hadi bonde, na hiyo ni haki yake. Kapasita hiyohiyo ikikauka ikabaki na mikrofaradi 1,000, mchezo unakuwa volti 10, bonde linazama chini ya kiwango anachohitaji kidhibiti, na laini inaanza kutetemeka mara 100 kwa sekunde. Hapo ndipo kapasita inapobadilishwa. Kumbuka mita husoma wastani wenye kipimo chake, hivyo namba yake itakuwa karibu theluthi ya ile ya kilele hadi bonde.

Kutafuta mstari

Umeme ukiwa sawa, nusu ya mashine nilizozifungua zilionyesha mstari bila kufanyiwa jingine. Kwa zilizobaki, bonyeza kitufe kilichoandikwa BEAM FINDER. Kazi yake ni kuupunguza mwendo wa mwale ili popote ulipopotelea urudi ndani ya kioo. Doa likitokea juu, ubovu uko upande wa wima na unasukuma juu. Likitokea kando, tafuta upande wa mlalo. Lisipotokea kabisa, basi ama volti kubwa haipo au mwale umezimwa, na hiyo ni kazi ya kurasa za volti kubwa pamoja na probu yake. Ukipata doa lililosimama mahali pamoja, punguza mwanga haraka kabla halijachoma fosfori, ule unga unaong'aa ndani ya kioo. Alama hiyo haiponi.

Kwa mwale uliosukumwa juu au chini kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Sakiti ya wima inabeba ishara kwa njia mbili pacha kutoka mwanzo hadi kwenye tyubu, na mstari ukiwa katikati, njia hizo mbili zina volti sawa. Chukua kipande cha waya mfupi wenye vibano na uunganishe pacha hao karibu na mwisho, mahali ambapo mwongozo unaruhusu. Mstari ukirudi katikati, kila kilicho mbele ya waya wako ni kizima. Zima, rudi nyuma hatua moja ya transista, unganisha tena. Endelea hivyo hadi ufike mahali ambapo mstari haurudi: ubovu uko kati ya hapo na pale ulipotoka. Kwa hatua nne au tano umefika kwenye transista mbili, na mita itamaliza kesi.

Chaneli mbili za 465 ni nakala ya mmoja kwa mwenzake. Ikiwa moja inafanya kazi, unacho kitabu cha majibu: pima volti sehemu ileile kwenye zote mbili na utafute panapotofautiana. Transista nyingi pia zimekaa kwenye soketi, na miguu yake huota kutu nyembamba. Mashine ikiwa imezimwa, chomoa moja, angalia mwelekeo wake, ifute, irudishe, nenda nyingine. Ni kazi ya saa moja, na imewahi kunirudishia triga (sakiti inayofanya mawimbi yasimame kwenye kioo) iliyokuwa imekufa bila kubadilisha kipande chochote.

Swichi

Ukizungusha swichi ya volti na mstari ukaruka au kutoweka, usikimbilie kopo la mafuta ya kulegezea kutu. Mawasiliano ya swichi hizi, yaani sehemu zake za chuma zinazogusana, yana tabaka jembamba la dhahabu juu ya bodi, na mafuta hayo yanaacha utando unaovuta vumbi. Baadhi ya dawa kali hula plastiki zilizo karibu. Kata ukanda wa karatasi nene isiyo na rangi, upana wa milimita tano (kadi ya mwaliko wa harusi upande usiochapwa inafaa sana), uloweshe kwa isopropili, uupenyeze chini ya kidole cha mawasiliano kilichofungwa, na uuvute kwa upole mara mbili. Utaona mstari mweusi kwenye karatasi. Msasa usionekane hata mezani, kwa kuwa dhahabu hiyo ikiondoka hairudi.

Potensiometa, yaani rezista za kuzungusha kama zile za kupandisha mstari na kurekebisha mwanga, zinapokea tone la dawa ya kusafishia mawasiliano na kuzungushwa mara thelathini hadi mwisho wake pande zote.

Kwa walio na Tektronix za zamani zaidi, zile za mfululizo wa 500 zinazotumia taa za elektroniki (valvu) badala ya transista na zenye vipande vyeupe vya kauri vya kulehemia, risasi ya kawaida ikitumika mara kwa mara hubandua fedha iliyounganisha chuma na kauri. Inatakiwa yenye fedha kidogo, na mtengenezaji aliacha kirundo chake ndani ya mashine. Kitafute kabla hujanunua.

Kurekebisha bila maabara

Acha mashine iwake dakika 20 kwanza. Vipimo vya 465 vinaahidi usahihi wa takriban asilimia 2 hadi 3, kiwango ambacho mita nzuri ya kidijitali inakipita kwa mbali, kwa hiyo kwa upande wa volti mita yako ndiyo hakimu. Weka volti 5 tuli kwenye ingizo, swichi ikiwa volti 1 kwa mraba: mstari upande miraba mitano. Pita kila ngazi kwa namna hiyo, ukitumia potensiometa kupata volti ndogo. Kwa ngazi ya milivolti 5, weka milivolti 20 kwa kusoma mita na utarajie miraba minne.

Kwa muda, tafuta kwenye bodi za kompyuta chakavu kopo dogo la chuma la miguu minne, osileta ya kristali, inayopewa 5 V na kutoa mawimbi ya masafa yaliyoandikwa mgongoni. Ya MHz 10 hutoa wimbi moja kila nanosekunde 100, na usahihi wake ni mkubwa mara mamia kuliko unaoweza kuusoma kwenye kioo. Kwa mwendo wa mikrosekunde 0.1 kwa mraba, kila wimbi likae mraba mmoja. Kilele cha kwanza kikianza kwenye mstari wa pili, cha tisa kiwe kwenye wa kumi. Mwendo wa polepole unaweza kulinganishwa na umeme wa ukutani uliopunguzwa na transfoma ndogo, milisekunde 20 kwa wimbi, ingawa gridi yetu hutembea kidogo na kipimo hicho ni cha kukisia.

Mwisho ni probu, ambayo hulaumiwa mara chache na hukosea mara nyingi. Ibane kwenye kituo cha mbele kinachotoa mawimbi ya mraba ya takriban kHz 1 na mV 300, kisha zungusha skrubu yake ndogo. Pembe zikiwa za mviringo, kapasita yake ni pungufu. Zikichomoza kama pembe za mbuzi, imezidi. Kila probu irekebishwe kwenye chaneli itakayotumika nayo, na ile ambayo skrubu yake haifiki pembe bapa haikutengenezwa kwa ingizo la pikofaradi 20.

Kabla ya kurudisha ganda, andika kwenye karatasi volti za laini zote tano kama zilivyo leo, vipande ulivyobadilisha na tarehe, uibandike upande wa ndani wa ganda kwa gundi isiyovuja kwa joto. Yangu ya mwisho inasema laini ya +15 V ilikuwa 14.97, nikiifungua tena baada ya miaka mitatu na kukuta 14.6, nitajua pa kuanzia.